Picha Imetoka, Halafu?

 

Kaa kwenye benchi la hospitali yoyote ya wilaya siku ya Jumatatu, utalisikia lalamiko hili: "Nimeshinda hapa tangu saa moja. Daktari kaniuliza maswali, kanibonyeza tumbo, kaniandikia dawa. Hata picha hajanipiga!" Wengi wetu tukikosa picha tunahesabu kwamba hatujatibiwa. Na aliyepigwa hutoka na ile bahasha kubwa ya kaki kwapani, akifika nyumbani anaiweka juu ya kabati. Mgeni akija inashushwa, filamu inainuliwa dirishani, watu wanahesabu mbavu. Muulize mwenye bahasha majibu yalisemaje. Atakwambia, "Majibu sikuyafuata, ila picha nilipiga."

Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu hayo majibu yasiyofuatwa. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani. Kabla mwaka haujaisha alikwishapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana. Dunia ikashangaa, na tangu hapo ushindani umekuwa wa kuona zaidi: ikaja ultrasaundi, ikaja siti skani, ikaja emarai. Swali jingine lilichelewa sana kuulizwa, nalo ni hili: tukishaona, mgonjwa ananufaika? Ndilo swali ambalo watafiti wa picha za tiba wamekuwa wakilichimba miaka ya karibuni, na majibu yao hayafanani na matarajio ya watu wa benchi la Jumatatu.

Tuanze palipo na mafanikio. Kifua kikuu.

Kwa miaka mingi tumewasaka wagonjwa wa TB kwa maswali manne. Unakohoa? Unapata homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito? Ni maswali mazuri na hayana gharama. Lakini nchi nyingi za Afrika na Asia zilipofanya uchunguzi wa kitaifa, watu wazima wakapimwa huko huko wanakoishi, mijini na vijijini, ilionekana kwamba takriban nusu ya waliokutwa na TB hawakuwa na dalili walizoulizwa. Walikuwa wanalima, wanauza sokoni, wanapanda daladala kama wewe na mimi. Waliobainika walibainika kwa sababu walipigwa eksirei ya kifua hata pale walipojibu "hapana" kwa kila swali.

Tatizo likawa nani azisome picha zote hizo. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba katika kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, programu ya kompyuta inaweza kuisoma eksirei ya kifua badala ya mtu. Siku hizi kuna mashine za eksirei za kubebeka, zinazotumia betri. Zinapelekwa gerezani, kwenye kambi za wakimbizi, machimboni. Unavua shati, unasimama, unaambiwa uvute pumzi na uibane, na baada ya muda mfupi kompyuta imetoa alama yake.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini kwa kipimo cha kuchuja TB: kati ya wagonjwa 100 kiwanase angalau 90, na kati ya watu 100 wasio na TB kiwaache waende zao angalau 70. Tuseme tumewapima watu 1,000, na kati yao 10 wana TB kweli. Kipimo chenye kiwango hicho kitawanasa 9, mmoja ataponyoka. Wabaki 990 ambao hawana TB. Kati ya hao, 30 katika kila 100 watashukiwa bure. Piga hesabu: watu 297. Kwa hiyo waliowekwa kando kwa kushukiwa ni 306, na wenye TB kati yao ni 9 tu.

Msikilizaji anaweza kusema, basi kipimo hiki hakifai kitu. Kinafaa sana, ukijua kazi yake. Ni ungo. Mama akishapepeta mchele, hauingii chunguni hapo hapo. Anaukalia tena kuchambua mawe. Kabla ya ungo tulikuwa na watu 1,000 wa kupima makohozi. Sasa tunao 306, na karibu wagonjwa wote wamo humo. Hao 306 wanatoa makohozi, yanaingia kwenye mashine ya GeneXpert, na hiyo ndiyo inayotafuta vinasaba vya kimelea chenyewe.

Mchimbaji wa tanzanaiti kule Mererani anatuonyesha kwa nini hatua hiyo ya pili hairukwi. Miaka aliyotumia chini ya ardhi akivuta vumbi la mawe imemwachia makovu kwenye mapafu. Kwenye filamu, makovu hayo yanaweza kuonekana kama TB. Aliyewahi kuugua TB miaka 10 iliyopita akapona, naye ana makovu yake. Kompyuta inaona weupe mahali palipopaswa kuwa peusi, inapandisha alama. Mtu huyo akipewa dawa za miezi 6 kwa sababu ya filamu peke yake, atameza vidonge vinavyoweza kumdhuru ini, na ugonjwa wake halisi wa vumbi hakuna aliyeugusa. Ndiyo maana miongozo inataka kila nchi ijipimie yenyewe, kwa watu wake, ni alama ngapi zihesabiwe kuwa za kutilia shaka.

Kwa hiyo eksirei ya TB inafaulu kwa sababu ya kilicho nyuma yake. Kuna kipimo cha kuthibitisha. Kuna dawa, na hapa kwetu na kwa jirani zetu dawa hizo mgonjwa hazilipii. Kuna muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu mwenye daftari lake, anayejua nani kameza na nani kapotea. Toa kimoja katika hivyo, na hao watu 9 tuliowanasa hawana faida waliyoipata isipokuwa hofu.

Utafiti mwingine unaonyesha jambo hilo likitokea. Uliitwa First Look, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Ulifanyika Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wazo lilikuwa zuri, na wengi tungelipigia makofi. Chukua mashine ndogo za ultrasaundi, zipeleke kwenye vituo vya afya vijijini, wafundishe wahudumu waliopo hapo kuzitumia. Kila mjamzito apimwe mara mbili, mara ya kwanza kati ya wiki ya 16 na ya 22, mara ya pili kati ya wiki ya 32 na ya 36. Atakayekutwa na hatari apewe rufaa. Baadhi ya maeneo yakapewa mashine, mengine yakaendelea na kliniki ya kawaida, kisha wakalinganishwa.

Wahudumu walijifunza wakaiweza kazi. Mapacha walionekana, watoto waliotanguliza makalio walionekana, kondo la nyuma lililoziba njia lilionekana. Lakini zilipokuja kuhesabiwa roho za watu, hapakuwa na tofauti. Vifo vya akina mama, watoto waliozaliwa wafu, vichanga waliokufa siku za mwanzo, waliokuwa na mashine na wasiokuwa nayo walikuwa sawasawa. Hata idadi ya wanaohudhuria kliniki na wanaojifungulia hospitali haikupanda, ingawa wengi waliamini kwamba mama akishamwona mwanawe kwenye kioo atavutika kuja.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi. Mama anaambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa vibaya, ajifungulie hospitali yenye upasuaji. Sawa. Nauli ya kufika huko kabla ya uchungu nani anayo? Akifika saa nane usiku akivuja damu, daktari wa usingizi yupo? Benki ya damu ina chupa ya kundi lake? Ultrasaundi imeshafanya kazi yake yote siku ile ya kliniki. Haiwezi kumbeba mama kwenye pikipiki, wala kumtundikia damu. Wala simaanishi kwamba ultrasaundi ya mimba haina maana. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24, kwa sababu inasaidia kujua umri wa mimba na kutambua mapacha mapema. Ninachosema ni kwamba mwenye kununua mashine akaishia kwenye mashine asitarajie takwimu za vifo zimfuate.

Hapa kwetu tatizo ni kukosa kinachofuata baada ya picha. Kuna nchi ambako kinachofuata kilikuwepo kwa wingi, na ndicho kilichowaumiza watu.

Korea Kusini ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima saratani mwaka 1999. Mpango uligusa saratani kadhaa, lakini ya tezi ya thairoidi haikuwamo. Thairoidi ni ile tezi ya mbele ya shingo, ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu. Hospitali na kliniki zikaona fursa: mtu amekuja kupimwa vingine, mwambie aongeze fedha kidogo tumpitishie ultrasaundi shingoni. Haichomi, haina mionzi, ni dakika chache. Nani akatae? Watu wakapanga foleni.

Kufikia mwaka 2011, kiwango cha waliogunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Mwaka huo mmoja waligunduliwa zaidi ya watu 40,000, ikawa ndiyo saratani inayoongoza kugunduliwa nchini humo. Hapo mtu angesema, loo, kumbe walikuwa wanakufa kimyakimya, sasa wameokolewa. Watafiti wakafungua daftari la vifo. Waliokuwa wakifa kwa saratani hiyo kila mwaka walikuwa kati ya 300 na 400 tu, na namba hiyo haikushuka hata baada ya maelfu kwa maelfu kufanyiwa upasuaji.

Maelezo yake ni haya. Shingoni mwa watu wengi wazima kuna vivimbe vidogo sana vya saratani ya aina hiyo, vinavyokaa miaka nenda rudi bila kukua. Mtu anazeeka navyo, anakufa kwa jambo jingine, anazikwa navyo. Ultrasaundi inaviona. Vikishaonekana na kupewa jina la saratani, nani atalala usingizi? Karibu kila aliyegunduliwa alitibiwa, na wengi walitolewa tezi yote. Aliyetolewa tezi anameza kidonge kila asubuhi mpaka mwisho wa uhai wake. Takriban 11 katika kila 100 waliopasuliwa walipata hitilafu ya tezi ndogo zinazosimamia madini ya kalisi mwilini, na 2 katika kila 100 walipooza nyuzi za sauti. Watu waliingia kliniki wakiwa wazima, wakatoka wakiwa wagonjwa wa kudumu, na wakashukuru kwa kuokolewa.

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na usiache kuufuata kwa sababu yangu. Saratani ya mlango wa kizazi, shinikizo la damu, Virusi vya UKIMWI, haya kuyajua mapema kunaokoa. Lakini usemi huo unazungumzia mtu anayeumwa akaficha. Hauzungumzii mzima aliyeitwa barabarani kwa bango la "pima mwili mzima, punguzo mwezi huu". Siku hizi mabango hayo hayako Seoul tu. Yapo Dar es Salaam, yapo Nairobi. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa Korea walijitokeza hadharani kuwaonya wananchi dhidi ya kupimwa shingo bila sababu, magazeti na televisheni zikalibeba onyo hilo, na ndani ya mwaka mmoja upasuaji wa thairoidi ukapungua kwa asilimia 35. Namheshimu sana daktari anayesimama na kusema kipimo kinachomwingizia fedha kisitumike ovyo.

Sasa tuingie chumba cha msomaji wa picha, maana tumezungumza kana kwamba picha hujisoma yenyewe.

Mwaka 2013 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, walichapisha jaribio lililowachekesha watu kisha likawanyamazisha. Waliwaita madaktari bingwa wa radiolojia 24, wakawapa picha za siti skani za mapafu, wakawaambia: tafuteni vivimbe vidogo. Ni kazi wanayoifanya kila siku. Kwenye seti ya mwisho walipachika mchoro wa gorila. Gorila, mnyama wa msituni, ukubwa wake mara 48 ya kivimbe cha kawaida. Kati ya madaktari 24, 20 hawakumwona. Mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba wengi katika hao 20 walipitisha macho pale pale alipokuwa.

Usiwacheke. Hawakuwa wazembe. Jicho la mtaalamu linaona kwa ukali kile lilichoagizwa kutafuta, na kwa sababu hiyo hiyo linaweza kupita juu ya ambacho halikuagizwa. Hapo ndipo ile fomu ya kuombea kipimo inapokuwa na uzito kuliko tunavyodhani. Ina nafasi ya jina, umri, jinsia, kisha mistari kadhaa ya maelezo ya mgonjwa. Mara ngapi mistari hiyo inabaki mitupu, zimeandikwa herufi tatu tu, CXR, yaani eksirei ya kifua, na sahihi? Mwenye kusoma hajui kama mapafu hayo ni ya mvuvi aliyeangukia ukingo wa ngalawa jana, au ya bibi anayekohoa mwezi wa pili sasa, au ya kijana anayetaka cheti cha kazi. Anatafuta nini? Daktari anayeandika "mwanamume, miaka 54, mchimbaji, alitibiwa TB 2012, anakohoa damu wiki 3" amemgeuza shingo msomaji kuelekea kwenye gorila. Nawe mgonjwa una sehemu yako. Mgonjwa msiri hapati faida chumba cha eksirei. Ulivyomweleza daktari, mweleze tena anayekupiga picha, na picha yako ya zamani ile iliyo juu ya kabati njoo nayo, maana kovu la zamani na donda jipya hutofautishwa kwa kulinganisha.

Kompyuta nazo zina gorila wao. Sweden imefanya utafiti mkubwa kwa wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti. Kwa desturi ya huko kila picha husomwa na madaktari wawili. Akili unde ilipopewa kazi ya kupanga ni picha zipi zisomwe na mmoja na zipi na wawili, kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Matokeo hayo ya awali yalitoka 2023, na ni habari njema. Lakini tazama: madaktari hawakuondolewa, walipangiwa kazi upya. Rudi kwenye TB. Programu iliyofunzwa kutafuta TB peke yake ikikutana na moyo uliovimba, au uvimbe wa saratani, yaweza kutoa alama ya chini, maana yake "huyu si wa TB", na mtu akaruhusiwa. Kompyuta imejibu sawasawa na ilivyoulizwa. Ugonjwa umebaki. Kwa hiyo kituo chochote kinachotumia mashine hizo kiwe na utaratibu wa picha kupitiwa na macho ya mtu, hata kama ni kwa kutumwa mkoani kwa njia ya mtandao.

Nimebakiza usalama wa mgonjwa, na hapa nitamtaja mwanamke mmoja ambaye kila mama wa Kiswahili ana deni kwake bila kumjua. Miaka ya 1950, Oxford, Uingereza, daktari Alice Stewart alitaka kujua kwa nini saratani ya damu ilikuwa ikiwaua watoto. Aliamua kuwauliza akina mama wenyewe, maana mama anakumbuka ya mimba yake hata yale ambayo faili haliyaandiki. Majibu yalipokusanywa mwaka 1956, jambo moja lilijitokeza. Akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito mara karibu mbili zaidi ya wale ambao watoto wao walikuwa wazima. Wakati huo kumpiga mjamzito eksirei ili kuona mtoto amekaaje lilikuwa jambo la kawaida. Wenzake walimbishia kwa miaka mingi. Mwishowe desturi ikaachwa. Miaka 2 tu baada ya matokeo yake, mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwa ufundi uliokuwa ukitumika kutafuta nyufa kwenye vyuma. Ndiyo ultrasaundi ya leo. Kwa hiyo ukiingia chumba cha eksirei ukakuta tangazo ukutani, "Kama una ujauzito mjulishe mhudumu", usilipite. Lina historia ya watoto nyuma yake.

Hofu nayo ina kipimo chake. Sote tunaishi na mionzi ya asili, itokayo ardhini na angani, kwa wastani wa dunia milisiveti 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua ni milisiveti 0.1 au chini ya hapo, sawa na mionzi ya asili ya siku 15 au pungufu. Usiikatae kwa kuogopa mionzi ikiwa daktari anashuku nimonia au TB. Siti skani ya tumbo ni habari nyingine, inaweza kufika milisiveti 8 au zaidi, yaani zaidi ya miaka 3 ya mionzi ya asili kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waliofuatilia zaidi ya watoto na vijana 170,000 waliopigwa siti skani walikadiria kwamba katika kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa siti skani ya kichwa, kutapatikana mgonjwa mmoja wa ziada wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata. Ni wachache sana. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akapoteza fahamu, mpeleke haraka, hatari ya damu kichwani ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mtoto anayelalamika kichwa kwa sababu hajanywa maji mchana kutwa, huyo asipelekwe.

Na hatari nyingine haitokani na mionzi yenyewe, inatokana na mazoea. Mwaka 2009 hospitali moja kubwa ya Los Angeles iligundua kwamba wagonjwa 206 wa kupimwa ubongo walikuwa wamepigwa mionzi takriban mara 8 ya kiasi kilichokusudiwa. Mashine ilikuwa imepangwa vibaya, na hali hiyo iliendelea kwa miezi 18. Jambo lilifichuka pale mgonjwa mmoja aliponyonyoka nywele. Kama hilo lilitokea kwenye hospitali yenye kila kitu, ukaguzi wa mashine zetu si anasa. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya kuna mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia. Una haki ya kuuliza kama mashine unayolazwa chini yake imekaguliwa.

Haki kubwa zaidi ni ya kumuuliza daktari swali moja kabla ya kipimo: "Majibu yakitoka hivi au yakitoka vile, matibabu yangu yatabadilika nini?" Uliza kwa adabu, kuuliza si ujinga. Daktari mzuri atalifurahia. Akiwa na jibu, kapige picha na uhakikishe umeyafuata majibu. Akikuambia hayatabadilisha kitu, shukuru, okoa fedha yako na mionzi yako.

Swali hilo hilo wapelekeeni wanaotununulia mashine. Kiongozi akija kukata utepe wa siti skani mpya, madiwani wamuulize mambo ambayo hayamo kwenye hotuba. Picha zitasomwa na nani, na kwa siku ngapi? Mkataba wa matengenezo ni wa miaka mingapi, na umeme ukikatika? Atakayekutwa na uvimbe leo atapasuliwa wapi, lini, kwa bima ipi? Mashine inayofunguliwa bila majibu ya maswali hayo itawatajia watu maradhi yao, kisha iwarudishe nayo nyumbani.